Tuktuk Inavuta Upande: Anza Kupima Nyuma

Dereva wa tuktuk akilalamika kwamba handeli inavuta, fundi wengi hukimbilia handeli. Shingo inafunguliwa, inakazwa, beringi zinabadilishwa, na wiki haijaisha tuktuk imerudi na lalamiko lilelile. Mara nyingi kosa lenyewe liko nyuma. Gurudumu la mbele liko peke yake, halina mwenzake wa kupishana naye, kwa hiyo linafuata tu njia ambayo magurudumu mawili ya nyuma yanaisukumia tuktuk. Yale mawili yakiwa yameelekea kulia kwa digrii 1 tu, kwenye tuktuk yenye mita 2 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, pua inakaa milimita 35 nje ya njia. Dereva anakata handeli kidogo kulia kutwa nzima ili aende moja kwa moja, na tuktuk inakwenda kiubavu bila mtu kujua.

Mwongozo huu ni wa tuktuk za abiria zilizozoeleka Nairobi, yaani Bajaj RE, TVS King na Piaggio Ape, zenye matairi ya 4.00-8. Nyuma, kila gurudumu lina mkono wake wa chuma uliofungwa kwenye chasi kwa bushi za mpira, na springi pamoja na shokamzoba juu yake. Jambo la kuelewa mapema ni hili: mikono hiyo kwa kawaida haina skrubu ya kurekebisha mwelekeo. Kwenye gari, fundi hukaza au kulegeza fimbo ya usukani mpaka namba zikae sawa. Hapa namba zikikataa, kuna kitu kimechakaa, kimepinda au kimechomelewa vibaya, na kazi ya kupima ni kukufikisha kwenye kitu hicho.

Mashine nyingi za alaimenti (kupima mwelekeo wa magurudumu) mjini zimetengenezewa magurudumu manne na rimu kubwa, na vikamata vyake havishiki rimu ya inchi 8. Uzi, timazi (uzi wenye kizito cha kuonyesha wima) na rula ya chuma vinatosha, mradi anayepima hana haraka.

Maneno manne ya kukubaliana

Tuseme gurudumu la nyuma "limefunga" ukingo wake wa mbele ukiwa umeingia ndani kuliko ukingo wa nyuma, na "limefungua" ukiwa umetoka nje. Mlalo ni tairi kuegemea ndani au nje ukilitazama kutoka nyuma. Mstari wa msukumo ni ule unaopita katikati ya mielekeo ya magurudumu mawili ya nyuma, na ndio unaoamua tuktuk inakwenda wapi. La nne ni mburuzo. Chukua mhimili wa shingo ya handeli, uendeleze kwa mawazo mpaka ugonge ardhi. Unapaswa kugonga mbele kidogo ya pale tairi linapogusa barabara, na umbali huo ndio unaolifanya gurudumu lijirudishe katikati ukiachia handeli. Kwa tairi lenye nusu kipenyo cha milimita 200 na shingo iliyolala digrii 20, hesabu inatoa milimita 73, kisha unaondoa kiasi ambacho ekseli imesogezwa mbele ya mhimili. Mburuzo ukipungua handeli inakuwa nyepesi na kuanza kutetemeka; ukizidi inakuwa nzito kwenye kona za mtaani.

Kabla ya kutoa uzi mfukoni

Kupima tuktuk yenye bushi zilizokufa ni kupoteza mchana, kwa sababu namba utakazopata saa nne hazitakuwa zilezile saa sita. Anza na matairi. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu au kibandiko cha mtengenezaji, na hakikisha magurudumu mawili ya nyuma yana kiwango kimoja, saizi moja na ikiwezekana chapa moja. Tairi jipya upande mmoja na lililoisha upande wa pili huiinamisha tuktuk na kuvuta handeli hata kama jiometri haina kosa.

Pitisha kiganja juu ya tairi la nyuma, kutoka ukingo wa ndani kwenda wa nje, kisha urudi. Likiwa laini ukienda ndani lakini lina makali yanayokwaruza ukitoka nje, gurudumu limefunga kupita kiasi. Makali yakikwaruza ukienda ndani, limefungua. Ukingo mmoja ukiisha bila makali, shaka mlalo. Kingo zote mbili zikiisha na katikati pakabaki, huo ni upepo mdogo na mzigo mkubwa, wala usisumbue chasi.

Halafu rimu. Inua gurudumu, shikilia msumari karibu na ukingo wa rimu bila kugusa, zungusha. Rimu ikicheza zaidi ya milimita 2 kushoto na kulia, ibadilishe, maana mashimo na matuta ya mtaani hupinda rimu za inchi 8 kwa urahisi. Hapa pana onyo lisilo na mzaha: rimu nyingi za tuktuk ni nusu mbili zilizoshikanishwa kwa nati. Toa upepo wote, toa hata moyo wa valvu, kabla ya kugusa nati hizo. Ukizifungua tairi likiwa na upepo, nusu ya rimu inaruka usoni. Jua pia nati zipi ni za kulishika gurudumu kwenye habu, yaani kitovu chake, na zipi ni za kuunganisha rimu.

Breki nayo hudanganya. Endesha mwendo mfupi bila kutumia breki sana, simama, karibisha mkono kwenye kila drami. Moja ikiwa moto na nyingine baridi, breki hiyo inakamata, na huenda mvuto wote unatoka hapo. Rekebisha breki kwanza, jaribu tena, ndipo uendelee.

Bushi za mkono wa nyuma

Hapa ndipo kosa linapopatikana mara nyingi kuliko pengine pote, kwa hiyo usipite haraka. Bushi ni bomba la chuma ndani ya bomba jingine, katikati mpira. Bomba la ndani linabanwa na bolti lisizunguke. Mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota. Matope, dizeli iliyomwagika na mzigo wa kila siku hupasua mpira huo, halafu mkono unapata uhuru wa kwenda usikotakiwa.

Dalili yake dereva anaijua bila kuielewa. Akiongeza mafuta, nguvu ya injini inasukuma gurudumu mbele na gurudumu linafunga. Akikanyaga breki, gurudumu linarudi nyuma na linafungua. Bushi zikiwa zimekufa upande mmoja, tuktuk inavuta upande mmoja ikiongezwa mafuta na upande wa pili ikishikwa breki. Tuktuk yenye chasi iliyopinda huvuta upande uleule wakati wote. Kwa hiyo mwulize dereva kama mvuto hubadilika upande, kabla ya kulala chini ya tuktuk.

Kukagua, tia mawe mbele na nyuma ya gurudumu la mbele, inua upande wa nyuma, weka stendi chini ya chasi pande zote mbili. Usitegemee jeki moja. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, tuktuk inabaki imesimama kwenye magurudumu mawili na kichwa cha jeki, na inaangukia upande bila taarifa. Chukua mtaimbo mdogo, uuchomeke kati ya mkono na chasi karibu na bushi, sukuma pembeni. Mpira mzuri unakubali kidogo na kurudi. Ukiona chuma kinasogea milimita 2 au zaidi, au mpira umeachana na bomba, bushi imekwisha. Kisha shika gurudumu juu na chini, litikise, mwenzako atazame: habu ikicheza ndani ya mkono, ni beringi, mkono ukicheza kwenye chasi, ni bushi. Watu wengi hubadilisha beringi nzima kwa kosa la bushi.

Badilisha bushi zote za mkono mmoja pamoja, na afadhali za mikono yote miwili. Ukinunua Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, nenda na bushi ya zamani na vernia (kipimo cha kubana cha milimita): pima kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani na urefu. Bushi mpya ikiingia kwenye mkono kwa kusukumwa na kidole haitafaa. Inatakiwa iingie kwa presi au kwa bolti ndefu na washa nene. Usiigonge kwa nyundo moja kwa moja, utapinda ukingo wa bomba.

Na sasa kosa linaloua bushi mpya ndani ya miezi michache: kukaza bolti ya mkono gurudumu likiwa linaning'inia. Ukifanya hivyo, bomba la ndani linabanwa katika nafasi ya chini kabisa, na tuktuk ikishushwa mpira unakaa umesokotwa kutwa kucha. Funga bolti kwa mkono tu, shusha tuktuk kwenye magurudumu yake, ibebeshe mzigo, irushe juu chini mara kadhaa, ndipo ukaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu.

Springi na kimo

Pima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi sehemu moja ya chasi, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 10, badilishana springi za nyuma. Mwinamo ukihamia upande wa pili, springi imechoka, nunua mbili. Mwinamo ukibaki palepale, mabano ya chasi yamepinda na kununua springi ni kutupa pesa.

Springi ya mbele iliyolala milimita 30 inasimamisha shingo kwa karibu digrii 0.9 na kupunguza mburuzo kwa milimita 3 hivi. Ni kidogo, lakini ndiyo sababu tuktuk yenye pua chini inatetemesha handeli ikishuka mteremko huku imeshikwa breki. Shokamzoba iliyovuja haibadilishi kimo wala jiometri, ila inaliacha gurudumu lirukeruke, na tairi linaisha kwa mabaka.

Sakafu, mzigo na vifaa

Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Uwanja wa kituo cha mafuta huwa na mteremko wa kupitisha maji, na kabro za uani zina mabonde. Tumia bomba la plastiki angavu lenye maji, lile la fundi wa nyumba, ulinganishe kimo cha sakafu pale magurudumu matatu yatakapokaa. Pakiwa chini, tia vipande vya bati au plaiwudi mpaka tofauti iwe chini ya milimita 3.

Kuilaza tuktuk ubavu ili kufikia chini ni mazoea ya gereji nyingi. Kwa kazi hii haina maana, maana kila kipimo kinatakiwa gurudumu likiwa limebeba uzito, mbali na kwamba asidi ya betri na mafuta humwagika. Weka gunia la mchanga la kilo 70 kwenye kiti cha dereva na mengine yanayofikia kilo 100 hivi kwenye kiti cha abiria. Sukuma tuktuk mbele mita 3 kwa mkono bila kugusa breki, ili magurudumu yatulie mahali pake. Ukishusha tuktuk kutoka kwenye jeki na kupima hapohapo, matairi yatakuwa bado yamebana kiubavu na namba zitakudanganya.

Vifaa: timazi mbili, uzi wa nailoni mwembamba, uzi wa chaki, rula ya chuma ya sentimita 30 yenye milimita zinazosomeka, tepu, stendi nne za kufungia uzi (jerikeni za lita 20 zilizojaa maji zinatosha), na fimbo moja ya kupimia. Fimbo hii jitengenezee. Chukua skweatyubu iliyonyooka ya milimita 400, uchomelee miguu miwili yenye urefu sawasawa kabisa, iliyoachana milimita 200 hivi. Miguu inahitajika kwa sababu tairi la 4.00-8 limevimba kupita ukingo wa rimu, na fimbo tupu itakaa kwenye mpira. Miguu inagusa rimu, wewe unapima kwenye ncha za fimbo.

Faida ya milimita 400 ni hesabu nyepesi. Kila milimita 1 ya tofauti kati ya ncha mbili ni digrii 0.14, na ina maana tairi linaburutwa kiubavu mita 2.5 katika kila kilomita. Milimita 4 ni mita 10. Mtu akikuuliza kwa nini tairi jipya limeisha, mtajie hiyo.

Chasi kwanza

Shusha timazi kutoka katikati ya bolti ya mkono wa kushoto, tia alama sakafuni. Fanya vivyo hivyo kulia, mahali palepale pa bolti. Shusha nyingine kutoka katikati ya shingo ya handeli, chini yake. Sasa una alama tatu. Pima kutoka alama ya shingo hadi kila alama ya nyuma. Kwa tuktuk isiyowahi kugongwa, vipimo hivi viwili hutofautiana kwa milimita 3 au chini. Ukipata 5 hadi 8, pima tena kabla ya kuamini. Zaidi ya 10, chasi imepinda au shingo imesukumwa upande, na hakuna bushi wala washa itakayoondoa hilo. Chasi ipelekwe kwa mnyooshaji mwenye fremu ya kuifunga na kuivuta. Kuivuta kwa mnyororo uliofungwa kwenye nguzo kunahamisha kosa tu kutoka pembe moja hadi nyingine.

Chasi ikiwa sawa, gawa katikati umbali wa alama mbili za nyuma, kisha piga uzi wa chaki kutoka katikati hiyo hadi alama ya shingo, uuendeleze mbele na nyuma kadiri sakafu inavyoruhusu. Huo ndio mstari wa katikati, na kila kipimo kinachofuata kinatoka kwake.

Magurudumu ya nyuma

Funga uzi wa nailoni upande wa kushoto kwa kimo cha katikati ya habu, kama milimita 200 juu ya sakafu. Usogeze mpaka umbali wake kutoka mstari wa chaki uwe sawa mbele na nyuma ya tuktuk, kwa milimita moja. Tumia timazi kushusha uzi sakafuni unapopima. Fanya hivyo kulia. Nyuzi hizi sasa ziko sambamba na mstari wa katikati, na ukizigusa kwa bahati mbaya anza upya.

Weka miguu ya fimbo kwenye rimu, fimbo ikiwa imelala sawa kwa pimamaji na katikati ya habu. Pima kutoka uzi hadi ncha ya mbele, kisha hadi ncha ya nyuma. Ncha ya mbele ikiwa mbali na uzi kuliko ya nyuma, gurudumu limefunga. Andika. Sukuma tuktuk mbele mpaka gurudumu lizunguke nusu duara, pima tena, chukua wastani. Hapo kupinda kidogo kwa rimu kunajifuta.

Tuseme kushoto umepata 152 mbele na 150 nyuma, na kulia 147 mbele na 149 nyuma. Kushoto limefunga milimita 2, kulia limefungua milimita 2. Fundi anayevuta tepu kati ya magurudumu mawili, mbele kisha nyuma, atapata tofauti sifuri na kusema alaimenti iko sawa. Ukweli ni kwamba magurudumu yote mawili yameelekea kulia. Milimita 2 kwa 400, ukizipeleka mita 2 mbele, ni milimita 10 za pua kuwa nje ya njia. Kwa sababu hii tepu ya upande kwa upande haitoshi kwa tuktuk hata siku moja.

Kitabu cha mtengenezaji kikiwa na namba, zifuate. Kama hakipo, kipimo kinachofanya kazi vizuri ni kila gurudumu kati ya sifuri na kufunga milimita 1 kwenye fimbo ya 400, na tofauti kati ya kushoto na kulia isizidi milimita 1. Kufungua hata kidogo tusikubali: chini ya mzigo na breki kunaongezeka, na tuktuk inakuwa na wasiwasi kwenye barabara kama Jogoo Road ikipitwa na basi.

Kwa mlalo, ning'iniza timazi nje ya gurudumu, uzi ukipita katikati ya habu. Pima hadi ukingo wa juu wa rimu na wa chini. Ukingo wa juu ukiwa mbali na uzi, gurudumu limelala ndani. Kwa kila milimita 200 za kimo, milimita 3.5 ni digrii 1. Kinachosumbua zaidi ni tofauti ya pande mbili. Ikipita milimita 2 tafuta sababu. Gurudumu linalolala ndani zaidi ukiongeza mzigo linakuonyesha bushi au mkono dhaifu.

Mwisho, shusha timazi kutoka kila habu ya nyuma na upime hadi alama ya shingo. Upande mmoja ukiwa mfupi kwa zaidi ya milimita 5 na chasi ilikuwa sawa, mkono huo umesukumwa mbele au wa upande wa pili umesukumwa nyuma, kwa kawaida na shimo.

Kurekebisha

Bushi mpya zikiwa ndani na namba bado mbaya, toa mkono, ulinganishe na mwingine mpya au na ule wa upande wa pili kwa kuzingatia kwamba ni kioo chake. Mkono uliopinda ubadilishwe. Kuupasha gesi na kuugonga kunarudisha umbo kwa macho, lakini chuma kilichopoteza ugumu wake kitapinda tena kwenye tuta la kwanza lenye abiria watatu, na mkono huo ndio unaoshika habu na breki.

Mkono ukiwa mzima, kosa liko kwenye mabano. Kama mabano yamefungwa kwa bolti, unaweza kutia bati jembamba chini ya moja kusogeza ncha moja ya mhimili mbele au nyuma. Bushi mbili zikiwa zimeachana milimita 200, bati la milimita 1 linabadilisha usomaji wako kwa milimita 2 kwenye fimbo ya 400. Kata bati zima lenye tundu la bolti. Washa zilizopangwa tatu tatu hulegea. Usizidishe milimita 2. Unapohitaji zaidi ya hapo, unaficha chasi iliyopinda.

Mabano yaliyochomelewa yakiwa yamepasuka au kusogea, yakatwe na kuchomelewa tena, mikono yote miwili ikiwa imefungwa na bolti ndefu moja iliyonyooka ikipita kwenye mabano kama mwongozo. Toa betri kabla ya kuchomelea, funga waya wa ardhi karibu kabisa na mahali pa kazi ili umeme usipite kwenye beringi, na ondoa bushi za mpira. Halafu pima tena kuanzia chasi.

Mbele

Ukimaliza nyuma, mbele ni haraka. Inua pua, zungusha handeli polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Ikinasa katikati, vikombe vya beringi vina mabonde, na hapo hakuna kukaza kutakakosaidia. Ikiwa laini lakini foku, yaani nguzo inayoshika gurudumu la mbele, inacheza mbele na nyuma, kaza nati mpaka uhisi uzito kidogo, rudisha kama moja ya nane ya mzunguko, funga nati ya juu. Handeli iliyokazwa kupita kiasi inamfanya dereva ayumbe, kwa sababu gurudumu haliwezi kujirudisha lenyewe.

Kwenye tuktuk zinazofuata mtindo wa Piaggio Ape, iliyotoka mwaka 1948 kwa misingi ya skuta ya Vespa, gurudumu la mbele hushikwa upande mmoja na nguzo iliyopindwa kwa makusudi ili tairi lirudi katikati. Nguzo hiyo ikigonga ukingo wa barabara, tairi huhama kando ya mstari na kulala. Nyoosha handeli, shusha timazi mbele na nyuma ya tairi: katikati ya tairi iwe juu ya mstari wa chaki, isikosee zaidi ya milimita 4, na timazi ya pembeni ionyeshe limesimama wima. Likikosa, badilisha nguzo. Halafu, na si kabla, legeza handeli na uiweke iangalie mbele.

Mvuto ambao hutaupata kwenye uzi

Abiria anayekaa ubavuni mwa dereva hubadilisha zaidi ya starehe. Tuktuk hupinduka kwa kuzunguka mstari unaotoka gurudumu la mbele hadi la nyuma la nje. Kwa upana wa milimita 1150 nyuma, uzito ukiwa theluthi moja ya urefu kutoka ekseli ya nyuma, una karibu milimita 370 za usalama kila upande. Uzito ukisogea hadi nusu, zinabaki kama 275. Dereva atasema handeli ni nzito na tuktuk inaegemea kwenye kona, na hakuna alaimenti ya kutibu hilo.

Kujaribu

Chagua barabara iliyo sawa na isiyo na msongamano, mapema asubuhi. Barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yatoke, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, tuktuk nzima kabisa huteleza kidogo kushoto ukilegeza mikono. Ili kutofautisha, pita barabara ileile ukienda na ukirudi, kisha tafuta uwanja tambarare. Ikivuta kushoto barabarani na kwenda moja kwa moja uwanjani, iache. Jaribu pia kuongeza mafuta na kushika breki kwa kilomita 30 kwa saa, ukisikiliza handeli kila unapobadilisha.

Kwa uthibitisho, mwaga maji sakafuni, pitisha tuktuk moja kwa moja kwa mita 6, kisha pima alama za matairi. Alama ya mbele inatakiwa iwe katikati ya zile mbili za nyuma, milimita 5 huku au huku.

Baada ya kilomita 200 hivi, bolti za mikono zikazwe tena, tuktuk ikiwa imesimama kwenye magurudumu yake na kubeba mzigo, na fimbo ipitishwe upya kwenye rimu zote mbili za nyuma. Namba zikiwa zimehama zaidi ya milimita 1, angalia bati ulizotia na mishono ya mabano kabla ya kumrudishia dereva ufunguo.